Kuirudisha Akili Inayotangatanga: Mwongozo wa Njia za Taamuli

Katika Kiswahili cha kila siku, kutafakari ni kulifikiria jambo kwa kina, kulipindua huku na huku mpaka uamuzi upatikane. Ndiyo maana mtu akiambiwa aketi atafakari, hufanya lile analolijua: huanza kufikiri, na baada ya robo saa huinuka akiwa na kichwa kizito kuliko alivyoketi. Mazoezi yanayoelezwa hapa yako upande mwingine kabisa. Humu hamna tatizo la kutatua wala uamuzi wa kufikia. Unachagua kitu kimoja kidogo, kama vile pumzi au neno fupi, unakielekezea nadhari yako, na kila akili inapoondoka unairudisha pale pale. Nitayaita mazoezi hayo taamuli, ingawa asili ya neno hilo nalo haiko mbali na kufikiri, na msomaji atanivumilia.

Akili itaondoka, tena itaondoka mapema, pengine kabla ya pumzi ya tano. Wengi huacha hapo, wakiamini kwamba wao hawakuumbiwa utulivu, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba zoezi lenyewe limo katika kurudi. Aliyeketi dakika 10, akapotea mara 40 na kurudi mara 40, amefanya zoezi mara 40. Aliyezimaliza dakika hizo hizo katika ndoto tamu za mchana, bila kutambua hata mara moja kwamba amepotea, hakufanya zoezi lolote, japo huenda akainuka akijisikia vizuri kuliko mwenzake. Njia za taamuli ni nyingi, lakini zinatofautiana hasa katika jambo moja: mahali unapoirudisha akili.

Mwaka 1890, mwanasaikolojia wa Marekani William James aliandika kwamba uwezo wa kuirudisha kwa hiari nadhari inayotangatanga, tena na tena, ndio mzizi wa busara, tabia na utashi wa mtu, na kwamba elimu ambayo ingeukuza uwezo huo ingekuwa elimu bora kuliko zote. Akakiri kwamba ni rahisi kuifafanua elimu hiyo kuliko kutoa maelekezo ya namna ya kuifikia. Maelekezo yenyewe yalikuwako, mbali na chumba alimofundishia, kwa kuwa watawa wa Kibuddha walikuwa wakiyapokezana kwa zaidi ya miaka 2,000.

Kwa nini akili haikai

Kabla ya kuilaumu akili yako, inafaa ujue kwamba kutangatanga ndiyo kazi yake inapokuwa haina kazi. Mwaka 2001, Marcus Raichle na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walieleza kwamba yapo maeneo ya ubongo ambayo hufanya kazi zaidi pale mtu anapopumzika bila shughuli maalumu, na hupunguza kazi hiyo anapopewa jambo la kulishughulikia. Utafiti uliofuata uliyahusisha maeneo hayo na kukumbuka yaliyopita, kuwaza yajayo na kujifikiria mwenyewe. Kwa maneno mengine, ukikaa kimya ubongo haulali. Unaanza kukusimulia habari zako.

Mwaka 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha watu wazima 2,250, ambao waliulizwa kwa simu, kwa nyakati zisizotabirika, walikuwa wakifanya nini, wakiwaza nini na walijisikiaje. Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ya aliyeulizwa ilikuwa mbali na alichokuwa akikifanya. Jambo lililonigusa zaidi katika utafiti huo ni kwamba waliokuwa wakiwaza mambo ya kupendeza hawakuwa na furaha zaidi ya wale ambao akili yao ilikuwa pale pale kazini, na waliokuwa wakiwaza mambo mengine yote walikuwa na furaha pungufu.

Si vizuri hata hivyo kuichukia tabia hii ya akili. Kwayo tunapanga safari, tunakumbuka ahadi na tunatunga mashairi. Shida huanza pale ambapo haina breki, na shida huwa kubwa zaidi pale mtu anapojaribu kuisimamisha kwa nguvu. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alilionyesha hilo mwaka 1987 kwa jaribio jepesi: aliwaomba washiriki wasimuwaze dubu mweupe kwa muda wa dakika 5, na wapige kengele kila anapowajia. Kengele zililia zaidi ya mara moja kwa dakika. Baadaye walipopewa ruhusa ya kumuwaza, dubu aliwajia mara nyingi kuliko alivyowajia wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Fikra inayofukuzwa hurudi na wenzake, kwa hiyo katika maelekezo yote yanayofuata hutaona mahali unapoambiwa uondoe mawazo kichwani.

Kuketi

Matayarisho ni machache na hayastahili kuchukua muda mrefu kuliko zoezi. Keti kwenye kiti, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu, au keti chini juu ya mto mnene ili nyonga ziwe juu kidogo kuliko magoti. Uti wa mgongo uwe wima bila kukakamaa, mabega yaachiliwe, mikono ilale juu ya mapaja. Macho unaweza kuyafumba, au ukayaacha nusu wazi yakiangalia sakafu umbali wa mita moja hivi mbele yako, na njia hii ya pili inawafaa wale wanaosinzia upesi. Weka kengele ya simu kwa dakika 5 hadi 10, zima milio mingine yote, kisha iweke simu mahali ambapo mkono haufiki. Usiketi mara tu baada ya mlo mzito.

Jambo moja dogo limenisaidia kuliko mito na mikeka yote: kabla ya kuketi ninaandika kwenye karatasi shughuli zote zinazonikalia kichwani. Akili inayoogopa kusahau hukumbusha kila dakika. Ikishaona kwamba jambo limeandikwa, hupunguza kukumbusha.

Njia ya pumzi

Anza na pumzi, hata kama baadaye utahamia njia nyingine, kwa sababu haigharimu chochote, huwezi kuisahau nyumbani, na haimkwazi mtu wa dini yoyote. Anza kwa dakika mbili za kupumua polepole: vuta pumzi kwa hesabu ya sekunde 4, itoe kwa sekunde 6, ambazo ni pumzi 6 kwa dakika. Mapigo ya moyo huongezeka kidogo tunapovuta pumzi na hupungua tunapoitoa, kwa kazi ya neva ndefu iitwayo vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Ndiyo sababu kuirefusha pumzi ya kutoka huutuliza mwili. Usivute hewa nyingi kupita kiasi. Ukisikia kizunguzungu au vidole kufa ganzi, umezidisha, basi acha upumue upendavyo.

Baada ya dakika hizo mbili, acha kuiongoza pumzi. Iache iwe fupi au ndefu, nzito au nyepesi, kama inavyotaka. Tafuta mahali pamoja ambapo unaisikia waziwazi kuliko kwingine: kwenye matundu ya pua, ambako hewa huingia ikiwa ya baridi na kutoka ikiwa na vuguvugu, au kifuani, au tumboni, panapoinuka na kushuka. Ukishachagua, usihamehame. Watu huchagua pua kwa sababu wamesoma mahali kwamba ndiyo njia ya wataalamu, kisha wanalalamika kwamba hawasikii kitu. Kama tumbo ndilo unalolisikia, basi kaa tumboni. Mtawa Mahasi Sayadaw wa Burma, aliyeishi kati ya mwaka 1904 na 1982, aliwafundisha wanafunzi wake waanze hapo hapo, wakijisemea kimoyomoyo "linainuka" tumbo linapoinuka na "linashuka" linaposhuka.

Kwa anayeanza, kuhesabu husaidia, na katika madhehebu ya Kibuddha ya Zen hili ndilo zoezi ambalo wanafunzi wengi huanza nalo. Hesabu moja mwishoni mwa pumzi ya kwanza inayotoka, mbili mwishoni mwa ya pili, mpaka kumi, kisha rudi kwenye moja. Ukisahau umefika wapi, rudi kwenye moja bila kujadiliana. Wiki yangu ya kwanza sidhani kama nilifika kumi zaidi ya mara mbili, na mara kadhaa nilijikuta kwenye 23, yaani ulimi wa ndani ulikuwa ukihesabu peke yake huku mwenye ulimi yuko safarini. Hiyo nayo ni taarifa nzuri: inakuonyesha kwamba kuhesabu na kuwapo ni mambo mawili.

Namba zikishakuwa nyepesi, ziache, uichunguze pumzi yenyewe. Ina mwanzo, katikati na mwisho, na baina ya kutoka na kuingia kuna kituo kifupi ambacho watu wengi hawajawahi kukiona maishani mwao. Jaribu kuwapo kwenye kituo hicho. Pumzi inayotazamwa hivi haichoshi upesi, kwa kuwa akili hukimbia kitu isichokiona vizuri, na kadiri inavyoona mengi ndivyo inavyokaa.

Pale akili inapoondoka

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo miongozo mingi hupita haraka kwa sentensi moja. Tazama kwa utulivu jinsi jambo lenyewe linavyotokea. Unaifuata pumzi, linazuka wazo, unalifuata bila kujua, muda unapita, kisha, kwa ghafla, unatambua kwamba ulikuwa mbali. Kule kutambua hukukuagiza. Kumekuja kwenyewe. Huwezi kukulazimisha kuje mapema, lakini unachokifanya katika nukta hiyo moja ndicho kinachoamua kama kutakuja mapema zaidi kesho. Ukijikaripia, unaifundisha akili kwamba kuamka kuna adhabu. Ukijisemea moyoni "nimerudi" na kuendelea, unaifundisha kwamba kuamka ni jambo jema. Zaidi ya hayo, karipio ni wazo kama mawazo mengine, na mtu anaweza kulifuata dakika tatu nzima akidhani anafanya taamuli.

Kwa hiyo, ukitambua umeondoka, fanya mambo matatu kwa mfuatano. Lipe wazo jina la neno moja: kupanga, kukumbuka, kugombana, kuota, kuhofia. Legeza sehemu ya mwili iliyokaza, ambayo mara nyingi ni taya, paji la uso au mabega. Kisha rudi kwenye pumzi inayopita sasa, wala usiifuate ile iliyokwisha kupita. Jina liwe jepesi na lisiwe na hukumu. Usitafute jina sahihi kabisa, kwa maana utaanza kuandika kamusi.

Yapo mawazo ambayo hayaondoki kwa kupewa jina, na kila moja lina dawa yake. Gumu kuliko yote ni ugomvi, yale mazungumzo unayoyarudia kichwani ukimjibu mtu majibu ambayo hukumpa siku ile. Ukiirudisha akili kwenye pumzi mara tano na ugomvi ukaendelea, acha pumzi, uhamie mwilini. Hasira ina mahali inapokaa: koo limebana, kifua kina joto, viganja vimekunjwa. Kaa na joto hilo kwa pumzi kadhaa, ukiyaacha maneno yajisemee kwa mbali. Hadithi inahitaji kusimuliwa ili iendelee, lakini joto la kifuani likitazamwa hupanda, hukaa, kisha hushuka lenyewe.

La pili ni wazo zuri mno. Umekaa, ghafla unapata suluhisho la jambo lililokusumbua mwezi mzima, na unashawishika kuinuka ukaliandike. Usiinuke. Wazo lenye thamani kwa kawaida hurudi kengele ikishalia, na lisiporudi basi halikuwa na thamani uliyoidhania. Nakiri kwamba ushauri huu nimeuvunja mara kadhaa, na karatasi zilizotokana na uvunjaji huo hazina kitu cha maana ndani yake.

Usingizi una dawa za mwili. Fumbua macho, nyoosha mgongo, vuta pumzi mbili tatu kwa nguvu. Ukishindwa simama wima na uendelee ukiwa umesimama. Ikiwa unasinzia kila siku, huenda unachokihitaji ni kulala na wala si taamuli. Mwasho nao ni mwalimu mzuri: usijikune papo hapo, bali utazame kwa pumzi tatu uone kama unabaki pale pale, unahama au unayeyuka, kisha ukitaka jikune ukijua kwamba unajikuna. Mguu uliokufa ganzi hauna madhara kwa dakika chache, ila maumivu makali ya goti usiyavumilie kwa ajili ya ushujaa. Badilisha mkao polepole.

Mafundisho ya Kibuddha huorodhesha vizuizi vitano vya akili inayotaka kutulia: tamaa ya raha za mwili, chuki, uzito na usingizi, mahangaiko pamoja na majuto, na shaka. Hicho cha mwisho ndicho kijanja zaidi, kwa sababu hujivika sauti ya mwalimu. "Je, ninafanya sawasawa? Labda ile njia nyingine ingenifaa zaidi?" Maswali hayo yana mahali pake baada ya kengele kulia. Ukiwa umeketi, yaite "shaka" na urudi.

Neno linalorudiwa

Kuna watu ambao pumzi huwatia wasiwasi. Wakiitazama tu, inawabana, wanaanza kuivuta kwa makusudi na kuhesabu kama itatosha. Watu hao, pamoja na wale ambao kichwa chao hakiishi maneno, mara nyingi hutulia upesi zaidi kwa neno, kwa kuwa ulimi wa ndani ukipewa kazi haupati nafasi ya kupiga soga. Njia hii ni ya kale na imo katika dini nyingi: Wahindu na Wabuddha wana mantra, Wakristo wa Kiorthodoksi wana sala fupi ya jina la Yesu inayorudiwa kwa kufuatana na pumzi, Waislamu wana dhikri na uradi. Hata shanga za kuhesabia zinafanana kwa kazi, ziwe 108 katika mala ya Wahindu na Wabuddha au 33 na 99 katika tasbihi. Mwenye imani ana maneno yake tayari na hana haja ya kuazima ya wengine.

Daktari Herbert Benson wa Harvard aliwapima, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu waliokuwa wakifuata taamuli iliyoenezwa na mwalimu kutoka India, Maharishi Mahesh Yogi, ambayo hufanywa kwa mantra kwa dakika 20 mara mbili kwa siku. Aliona kwamba mwili wao ulitumia oksijeni pungufu wakati wa zoezi na kupumua kukapungua. Akahitimisha kwamba siri haimo katika neno maalumu la siri; kinachohitajika ni neno lolote linalorudiwa pamoja na moyo usiojali mawazo yanapopita. Utaratibu wake ni rahisi. Chagua neno fupi lenye sauti laini au maana unayoiheshimu, kwa mfano "amani". Fumba macho, legeza misuli kuanzia miguuni hadi usoni, kisha litamke neno kimoyomoyo kila pumzi inapotoka. Likija wazo lolote, jiambie "haya, sawa" na ulirudie neno. Endelea kwa dakika 10 hadi 20, na ukimaliza ukae dakika moja au mbili kabla ya kusimama.

Hatari ya njia hii ni moja: neno likizoeleka hujirudia lenyewe kama namba yangu ya 23, na mtu akawaza bei, deni na harusi huku neno likiendelea chini kwa chini. Ukiligundua hilo, lipunguze mwendo, uisikilize kila silabi kana kwamba ni mara ya kwanza kuitamka.

Mwili uliolala na mwili unaotembea

Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts programu kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu na fadhaa ambazo matibabu ya kawaida hayakuziondoa. Zoezi la kwanza walilopewa lilikuwa kuukagua mwili. Unalala chali, mikono kando, na kuipeleka nadhari kwenye vidole vya mguu wa kushoto, halafu unyayo, kifundo, muundi, goti, paja, kisha mguu wa kulia, na kupanda hivyo hivyo mpaka utosini. Katika programu ile zoezi lilichukua dakika 45. Nyumbani dakika 15 zinatosha. Kila sehemu unaiuliza jambo moja tu: kuna nini hapa? Joto, baridi, mguso wa nguo, maumivu, au hakuna kitu. "Hakuna kitu" ni jibu halali. Huna haja ya kuulegeza mwili kwa nguvu wala kuwazia mwanga unaopita ndani yake.

Ikiwa mwili umekaza kiasi kwamba hauwezi hata kulala, tangulia na njia ya Edmund Jacobson, daktari wa Marekani aliyeifanyia kazi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20: kaza kundi moja la misuli kwa sekunde 5 hivi, kisha liachilie ghafla na uusikilize ulegevu kwa muda mrefu kuliko uliokaza, halafu hamia kundi jingine. Mwili uliosahau kulegea hujifunza kwa kulinganisha.

Kutembea ni njia ninayoipendekeza kwa mtu yeyote anayesema hawezi kukaa kimya, na sioni kwa nini huwekwa mwisho kana kwamba ni mazoezi ya daraja la pili. Tafuta njia iliyonyooka yenye hatua 10 hadi 20, ndani au nje. Tembea polepole kuliko kawaida, ukijisemea "kuinua, kupeleka, kuweka" mguu unapoinuka, unapokwenda na unapokanyaga. Ukifika mwisho simama, pumua mara moja, geuka, rudi. Kwa kuwa njia haiendi popote, akili haipati visingizio vya safari. Siku ambayo mawazo yamechafuka sana, tembea kwanza dakika 10 kisha ndipo uketi.

Kutakia heri

Njia hii, inayoitwa mettā na Wabuddha, haiirudishi akili kwenye mwili bali kwenye dua. Unachagua sentensi tatu au nne fupi, kama vile: niwe salama, niwe na afya, niishi kwa amani. Unajitakia wewe kwanza, kisha mtu aliyekufanyia wema, kisha mtu unayemwona tu bila kumpenda wala kumchukia, kisha mtu mgumu, na mwisho viumbe wote. Ikiwa kujitakia heri kunakukwama kooni, anza na yule aliyekufanyia wema, utajiongeza baadaye. Na mtu mgumu asiwe adui yako mkubwa. Chagua anayekuudhi kidogo. Njia hii inawafaa sana wale ambao akili yao ikitangatanga huenda moja kwa moja kwenye ugomvi, kwa sababu inawapa watu wale wale neno jingine la kuambiwa.

Ipo pia taamuli isiyo na kituo, ambapo huchagui pumzi wala neno bali unaacha kila kitu kije na kupita, sauti, mwasho, wazo, bila kukifuata. Inasifiwa sana na inaonekana rahisi. Kwa asiyezoea kurudi, haina tofauti na kukaa kuwaza, kwa hiyo iahirishe mpaka pumzi 10 ziwe zinahesabika bila taabu.

Kuchagua, kutarajia na kuacha

Chukua njia moja uishike kwa wiki 4 kabla ya kuijaribu nyingine. Dakika 10 za kila siku zina faida kuliko saa moja ya Jumapili. Usipime maendeleo kwa utulivu wa siku moja, kwa maana siku zenye kelele huja hata baada ya miaka. Tazama badala yake kama unatambua mapema kidogo kwamba umepotea, na kama jambo hilo limeanza kutokea nje ya kikao, katikati ya foleni au ya hasira.

Matarajio yawe ya kadiri. Mwaka 2014, jarida la kitabibu la Marekani la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki 3,515, nao ulionyesha kwamba programu za taamuli hupunguza kwa kiasi wasiwasi, huzuni na maumivu, lakini hakukuwa na ushahidi kwamba zinashinda dawa, mazoezi ya viungo au tiba nyingine za kisaikolojia. Kwa hiyo asiache dawa zake mtu aliyeandikiwa na daktari. Tena, si kila mtu hutulizwa na ukimya. Kwa baadhi ya watu, hasa waliopitia matukio ya kutisha, kufumba macho hufungua mlango wa kumbukumbu zinazowazidi nguvu. Ukipatwa na hofu kali, kujihisi uko nje ya mwili wako, au picha zisizokwisha, fumbua macho, angalia vitu vilivyo chumbani na uvitaje kimoja kimoja, kanyaga sakafu, na usirudi kwenye kikao kirefu kabla ya kuzungumza na mtaalamu wa afya ya akili. Kutembea kwa macho wazi huwa salama zaidi kwa watu hao kuliko kuketi gizani.

Kengele ikilia, usiruke. Sikiliza sauti za chumba, tingisha vidole, fumbua macho, kisha simama. Na siku ukikosa kuketi, usiilipe deni kwa kukaa mara mbili kesho yake; keti dakika zako zile zile, uanze kuhesabu kwenye moja.